Nataka kuanzisha tangi la samaki lenye mimea hai, lakini fedha ni kidogo. Nianzie wapi?

Shina Kijani (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajamvi. Nimekuwa nikiwasoma kwa muda bila kuandika, na leo naomba mwongozo wenu. Jamaa yangu amenipa tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35, ambalo lilikaa stoo muda mrefu likiwa kavu. Nia yangu si kufuga samaki wengi, bali kuwa na bustani ya majini yenye mimea iliyostawi kwelikweli, na samaki wachache wa kuishi ndani yake.

Shida ni kwamba kila maelezo ninayokutana nayo huanza na orodha ya vifaa ambavyo siwezi kuvinunua: udongo maalumu wa mifuko, mtungi wa hewa ukaa pamoja na vali zake, chujio kubwa la kukaa nje ya tangi, taa zilizotengenezwa mahususi kwa mimea, na chupa kadhaa za mbolea ya maji. Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, katika orodha hiyo ni vitu gani visivyoepukika, na ni vipi ambavyo mtu anaweza kuviacha kabisa na mimea isife? Pili, kidogo nilicho nacho nikielekeze wapi? Muda ninao, na kusubiri siogopi.

Bustani ya Maji

Karibu sana, ndugu Shina Kijani. Utayari wako wa kusubiri una thamani kuliko unavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya vifaa vya gharama katika shughuli hii hununua kasi tu. Hewa ukaa ya mtungini pamoja na taa kali huufanya mmea uote katika wiki chache kiasi ambacho ungekiota katika miezi kadhaa, lakini mmea uliochaguliwa vizuri utaota hata bila hivyo. Kwa hiyo mtungi ufute kwenye orodha leo hii, na chujio la nje lifute pia. Mbolea za chupa ziahirishe. Fedha yako ielekee kwenye mambo matatu kwa mpangilio huu: uzima wa tangi, taa ya kutosha, na mimea mingi tangu siku ya kwanza.

Nianze na tangi, kwa kuwa hapo ndipo uzembe hugharimu zaidi. Ukizidisha vipimo vyako utapata lita 63, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, meza itabeba kilo zaidi ya 70, na meza dhaifu au isiyo sawa huupinda mgongo wa tangi mpaka kioo kikapasuka. Lijaze kwanza ukiwa nje, juu ya sakafu iliyo sawa, ulilaze na maji kwa siku mbili huku ukipitisha kitambaa kikavu kwenye pembe zote. Silikoni, yaani gundi inayounganisha vioo, ikikaa kavu muda mrefu huweza kukauka na kubanduka. Ikivuja, usipake mpya juu ya ya zamani, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokwisha kuganda. Inabidi ukwangue yote ya ndani kwa wembe, usafishe kioo, kisha upake silikoni tupu isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uiache ikauke kabisa kabla ya kujaza tena. Madoa meupe ya chokaa yaondoe kwa siki. Sabuni isiguse tangi hilo kamwe.

Sasa udongo. Udongo wa kawaida wa bustani hufanya kazi ambayo udongo wa mifuko hufanya, ila unahitaji maandalizi. Chagua udongo ambao haujawekwa mbolea ya viwandani, samadi mbichi wala dawa ya wadudu. Uchekeche ili kuondoa mizizi, vijiti na mawe, kisha uloweke, umwage maji ya juu pamoja na takataka zinazoelea, uuanike mpaka ukauke, na urudie hivyo mara tatu au nne. Kuloweka na kukausha huko huwapa vijidudu nafasi ya kuozesha mabaki mepesi wakati udongo bado uko nje, badala ya uozo huo kutokea chini ya samaki wako. Udongo ulio tayari hauna harufu ya uvundo, na ukiufinyanga ukiwa na unyevu hushikamana kidogo bila kunata kama gundi.

Tandaza udongo huo kwa kina cha sentimita 2 hadi 3, si zaidi, halafu uufunike kwa mchanga mkubwa au changarawe ndogo kwa kina kama hicho. Tabaka la udongo likizidi, oksijeni haifiki chini, na utaona mapovu yenye harufu ya mayai viza yakipanda unapogusa sakafu. Hiyo ni salfidi ya hidrojeni, na ni sumu. Acha ukanda wa upana wa vidole viwili kandokando ya kioo cha mbele bila udongo, uujaze changarawe tupu. Hilo ni la sura tu, lakini nalipenda, kwa kuwa tangi huonekana safi.

Jambo ambalo wengi huliruka ni wingi wa mimea. Mtu hununua vishina vitatu, avipande mbalimbali, asubiri vijaze tangi, na wakati anasubiri mwani huwa umeshika kila mahali, kwa sababu mwanga na chakula vipo na hakuna mmea wa kuvitumia. Ni heri aina mbili za mimea rahisi zinazofunika zaidi ya nusu ya sakafu kuliko aina kumi za kupendeza zenye shina mojamoja. Tafuta ile inayoota haraka: Ceratophyllum demersum, ambayo haina mizizi kabisa na unaweza kuiacha ielee, Vallisneria, ambayo hutambaa na kutoa miche yenyewe, Hygrophila, Egeria densa. Mimea hii yote hukatwa na kupandikizwa kila mara, na karibu kila mwenye tangi la muda mrefu hutupa majani ya ziada kila anapopunguza. Muulize kabla hajayatupa.

Kokoto

Naheshimu sana ushauri wa Bustani ya Maji, nami nimeona matangi ya udongo yaliyodumu kwa miaka, lakini kwa anayeanza ningependekeza njia nyingine, na nitaeleza sababu.

Anayeanza hubadili mawazo. Leo anaona jiwe lingekaa vizuri kushoto, kesho anataka kuhamisha mmea wa nyuma uje mbele. Ukiung'oa mmea uliotia mizizi katika tangi la udongo, unatoka na bonge la tope, maji yanageuka rangi ya kahawia, na virutubisho vilivyokuwa vimefunikwa vinaachiwa majini kwa mkupuo. Tangi la mchanga mtupu halina adha hiyo. Unaweza kulipanga na kulipangua mpaka uridhike.

Kwa tangi la namna hiyo chagua mimea isiyotegemea sakafu. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, na jimbi la majini liitwalo Microsorum pteropus, zote mbili hupata chakula majini na hustahimili mwanga hafifu. Zifunge kwa uzi wa pamba kwenye jiwe au gogo, na baada ya muda mizizi itashika yenyewe. Angalia sana jambo hili: mimea hiyo ina shina nene linalolala, ambalo juu yake hutoka majani na chini yake hutoka mizizi. Shina hilo lisifukiwe mchangani. Likifukiwa huanza kulainika na kugeuka jeusi, na majani huanguka moja baada ya jingine yakiwa bado ya kijani, hata mtu akadhani ni ugonjwa. Ongeza mimea inayoelea juu ya maji, na hapo una tangi linaloweza kuishi kwa kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula chao.

Mchanga na mawe unaweza kuokota, lakini vipime. Weka kiasi cha kiganja kimoja kwenye bilauri, umimine siki, utazame kwa karibu. Vikitoka vipovu vidogo vinavyochemka pembeni mwa mawe, humo mna chokaa, nayo itayeyuka polepole na kupandisha ugumu wa maji na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Mchanga wa baharini uache, maana una chumvi na vipande vya makombe. Mchanga wa ujenzi unafaa ukioshwa ndoo baada ya ndoo mpaka maji yatoke maangavu, na kazi hiyo ni ndefu kuliko inavyosikika.

Ndoo Mbili

Wote wawili wamesema vyema, na kuhusu udongo au mchanga mimi sina upande. Nimeona njia zote zikifaulu. Nitasema juu ya maji yenyewe, kwa sababu hapo ndipo samaki wengi wa wanaoanza hufia, na kinga yake haihitaji fedha nyingi.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na chakula kilichobaki pamoja na majani yanayooza hutoa amonia pia. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu hata zikiwa kidogo, ilhali nitrati samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi, nayo mimea huitumia. Bakteria hao hawamo kwenye maji safi ya bomba kwa idadi ya kutosha. Hushika kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye sponji ya chujio na juu ya majani, na huongezeka taratibu, ndiyo maana tangi jipya kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kabla halijawa salama.

Mimea mingi hubadili hesabu hiyo kwa faida yako. Mimea mingi ya majini hupendelea kuchukua nitrojeni ikiwa bado katika umbo la amonia kuliko ikiwa nitrati, kwa hiyo mmea unaoota haraka unakula sumu ileile unayoihofia. Hii ndiyo sababu ya kiufundi ya ule ushauri wa kupanda kwa wingi, mbali na suala la mwani. Lakini mmea uliopandwa jana haujaanza kuota, na udongo uliolowa upya huachia amonia yake wenyewe, kwa hiyo usiweke samaki siku hiyohiyo kwa kutegemea mimea. Katika mwezi wa kwanza wa tangi la udongo badilisha kati ya theluthi na nusu ya maji kila baada ya siku tatu au nne.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba ukali wa amonia hutegemea pH. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi na pH ya 7, chini ya asilimia moja ya amonia iliyomo majini huwa katika umbo linalodhuru. pH ikifika 8, sehemu hiyo hupanda kufikia karibu asilimia 5. Yaani kipimo kilekile cha amonia ambacho samaki wa jirani yako anakivumilia kinaweza kumuua wa kwako ikiwa maji yako yana pH ya juu. Ikiwa kuna kipimo kimoja tu unachoweza kununua, nunua cha amonia. Cha pili kiwe cha nitriti. Vingine unaweza kuishi bila kuvinunua.

Maji ya bomba yana klorini. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, klorini ya kawaida hutoka yenyewe. Baadhi ya mamlaka za maji, hata hivyo, hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kusubiri, na hiyo huhitaji dawa ya matone ya kuiondoa. Waulize wanaokuletea maji wanatumia ipi kabla ya kutegemea ndoo.

Kuhusu chujio, pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji vinatosha kabisa kwa tangi la lita 63. Hewa inapopanda ndani ya bomba huvuta maji kupitia sponji, takataka hunaswa, na bakteria hukaa humo. Pampu iweke juu kuliko usawa wa maji, au upachike vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi, kwa maana umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kupitia mpira mpaka kwenye pampu na sakafuni. Sponji uioshe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, si chini ya bomba, ili klorini isiue bakteria uliowasubiri wiki kadhaa. Na kama unamfahamu mtu mwenye tangi zima lisilo na ugonjwa, mwombe akamulie sponji yake kwenye chombo chako. Maji yale meusi, ambayo yeye angeyamwaga, yanaweza kukuokolea wiki kadhaa za kusubiri.

Shina Kijani (mleta mada)

Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Nimelijaza tangi, limekaa siku mbili na halijavuja. Nimeamua kufuata njia ya udongo kwenye nusu ya nyuma na mchanga mtupu mbele, ili nifunge Anubias kwenye gogo kama alivyoshauri Kokoto.

Naomba nifafanuliwe mambo matatu yaliyobaki. Je, naweza kuliweka tangi karibu na dirisha ili jua litumike badala ya taa? Je, ile njia ya sukari na hamira ndani ya chupa ya plastiki, ambayo hutoa hewa ukaa, inafaa? Na tatu, kuna kijito ambacho kina mimea mingi ya majini; je, naweza kuichukua hiyo badala ya kununua?

Bustani ya Maji

Uamuzi wa kugawa sakafu ni mzuri, ila panga safu ya mawe kati ya sehemu hizo mbili, la sivyo udongo utateleza kuja mbele.

Dirisha silishauri, japo wapo wanaofanikiwa nalo. Jua la moja kwa moja hulitia joto tangi dogo mchana na kuliacha lipoe usiku, na nguvu yake huwezi kuipunguza mwani unapoanza. Taa unaweza kuitawala. Haihitaji kuwa ya mimea. Taa za kawaida za LED za nyumbani zinafaa, mradi mwanga wake uwe mweupe wa mchana, ule unaoandikwa 6500K kwenye boksi, na jumla ya mwanga iwe kati ya lumeni 1,000 na 1,500 kwa tangi lako. Soma lumeni, usisome wati peke yake, kwa sababu wati ni umeme unaotumika na lumeni ndiyo mwanga unaotoka. Iwashe saa 6 kwa siku mwanzoni, na baada ya mimea kuanza kuota ongeza mpaka saa 8. Swichi ya saa ya kuwasha na kuzima yenyewe ni kifaa kidogo ninachokithamini kuliko mbolea yoyote, kwa sababu mimea huzoea ratiba isiyoyumba, na binadamu husahau. Waya wa taa na wa pampu uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji litakaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Sukari na hamira hutoa hewa ukaa kweli, lakini hutoa nyingi siku za mwanzo, kisha hupungua na kuisha ndani ya wiki mbili hivi, na huwezi kuifunga usiku wakati mimea imeacha kuitumia. Mabadiliko hayo ya kupanda na kushuka huusaidia mwani kuliko mimea. Maji yaliyo wazi kwa hewa huwa na takriban nusu miligramu ya hewa ukaa kwa kila lita, wakati wenye mitungi hulenga miligramu 20 hadi 30, kwa hiyo pengo ni kubwa na silifichi. Lakini udongo wako utatoa hewa ukaa unapooza polepole, samaki watatoa yao, na mimea inayoelea haihusiki na pengo hilo hata kidogo, kwa kuwa majani yake yako hewani. Salvinia au Pistia ikifunika theluthi ya uso wa maji itanyonya nitrati kwa kasi ambayo hakuna mmea wa chini unaoifikia. Isiachwe ifunike uso wote, maana wale wa chini watakosa mwanga.

Jani Pana

Nimesubiri swali la kijito, kwa sababu ndilo linalonigusa zaidi. Mimea ya mtoni inaweza kuwa mizuri sana, na Vallisneria na Ceratophyllum huota porini sehemu nyingi za dunia. Ila kuna tahadhari ambazo hazina mjadala.

Ya kwanza ni afya yako. Katika maeneo yenye kichocho, vimelea huishi ndani ya konokono wa maji matamu, hutoka humo na kuingia mwilini kupitia ngozi iliyomo majini. Kuingia kwenye kijito cha namna hiyo kuchuma majani ni hatari, na kumbeba konokono huyo nyumbani pamoja na mmea ni kuihamishia hatari kwenye tangi ambalo utakuwa ukitumbukiza mikono kila wiki. Ikiwa ugonjwa huo upo mahali ulipo, usichukue chochote mtoni. Omba vipande kwa mwenye tangi.

Ya pili ni mashamba. Kijito kinachopita kando ya mashamba yanayopuliziwa dawa huweza kuwa na masalia ya viuawadudu, na kamba wadogo wa tangini hufa kwa kiasi kidogo mno cha dawa hizo. Ya tatu ni wageni waliojificha: mabuu ya kereng'ende hushika samaki wachanga, na huingia yakiwa mayai ndani ya shina. Mmea wowote, hata wa kununuliwa, usuuze, uondoe majani yaliyooza, kisha uuweke kwenye ndoo ya maji peke yake mahali penye mwanga kwa wiki mbili au tatu, ukibadilisha maji na kuchunguza upande wa chini wa majani. Mayai ya konokono huonekana pale kama tone la utelezi lenye nukta ndani yake.

Naomba pia tuangalie upande wa pili wa safari hiyo. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa na watu waliopenda maua yake, na leo limeziba maziwa na mito katika mabara kadhaa. Salvinia na Pistia zilizotajwa hapo juu zina tabia ileile. Majani unayoyapunguza yaanike juani mpaka yakauke kabisa au yafukie kwenye mboji. Yasimwagwe kwenye mtaro, kijito wala bwawa, hata yakiwa machache.

Shina Kijani (mleta mada)

Nimerudi kutoa taarifa. Kijito nimekiacha, na mimea nimepewa na mfugaji mmoja aliyekuwa akipunguza yake. Tangi sasa lina wiki ya tatu. Ceratophyllum inaota vizuri, lakini Cryptocoryne mbili nilizonunua zimeyeyuka. Majani yamekuwa laini, yakapata uwazi kama wa plastiki, na yote yameanguka. Juu ya kioo na mchanga kuna vumbi la kahawia. Je, nimwage nianze upya? Na ni samaki gani wa kufikiria, wakati ukifika?

Ndoo Mbili

Usimwage, ndugu yangu, na hizo Cryptocoryne usizing'oe. Mimea mingi ya kuuzwa hukuzwa vitaluni ikiwa na majani yake nje ya maji, na majani hayo hayakuumbwa kuishi chini ya maji. Yanapokufa, mmea hutumia akiba iliyomo mizizini kutoa majani mapya, membamba zaidi na yenye umbo tofauti. Cryptocoryne huyeyuka hata inapohamishwa tu kutoka tangi moja kwenda jingine. Ondoa majani yaliyooza ili yasitoe amonia, acha mizizi mahali ilipo, na baada ya wiki chache chunguza sehemu ya katikati, pale shina linapokutana na mchanga. Utaona ncha ndogo iliyojikunja, nyekundu au kahawia.

Vumbi la kahawia ni diatomu, aina ya mwani wenye ganda la silika. Huja katika wiki za mwanzo za karibu kila tangi jipya na huondoka lenyewe. Lifute kwa kitambaa kisafi kila unapobadilisha maji. Mwani wa kijani wa nyuzinyuzi ukifuata, punguza saa za taa kwanza kabla ya kutafuta dawa.

Samaki waje pale ambapo vipimo vya amonia na nitriti vitasoma sifuri kwa wiki nzima mfululizo bila wewe kubadilisha maji katikati. Waanze wachache, watatu au wanne, kisha upime tena kabla ya kuongeza. Guppy ni wagumu, hupenda maji yenye ugumu kidogo na joto la nyuzi 22 hadi 28, lakini jike huzaa karibu kila mwezi na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo kwa tangi lako chukua madume peke yao. Goldfish mwache, kwa kuwa huchimba, hula majani laini na hutoa uchafu mwingi. Pleco wa kawaida, anayeuzwa akiwa mdogo kama kidole kwa ahadi ya kula mwani, hufikia zaidi ya sentimita 30. Kamba wa jamii ya Neocaridina ndio ningewachagua kama ningelazimika kuchagua kiumbe mmoja tu kwa tangi la mimea, maana hula mwani na majani yanayooza na hawaugusi mmea mzima. Wangoje mpaka tangi litimize miezi miwili au mitatu, lipate utando wa vijidudu wanaoula.

Bustani ya Maji

Niongeze moja tu kuhusu mbolea, kwa sababu utaihitaji baadaye na nisingependa ununue chupa nne kwa wakati mmoja. Acha majani yakwambie unachokosa. Majani ya zamani yakigeuka manjano yote, mara nyingi ni nitrojeni, na tiba yake ya kwanza ni kuwalisha samaki vizuri kidogo zaidi. Majani ya zamani yakipata vitundu vidogo vyenye ukingo wa manjano, ni potasiamu. Majani machanga yakitoka yamepauka huku mishipa yake ikibaki ya kijani, ni chuma. Nunua kile kimoja kinachokosekana, weka nusu ya kipimo kilichoandikwa, na usubiri wiki mbili. Tazama majani mapya tu, kwa kuwa ya zamani yaliyokwisha kutoboka hayatapona.